Mtoto miezi 7 hana jino hata moja, mama mkwe anasema ni chupa na anataka akatolewe meno ya nailoni. Naombeni ushauri

mamaNay

Habari zenu wapendwa, naombeni mawazo yenu maana nyumbani kwangu sasa hivi hakukaliki. Nina binti wa miezi 7, nilimnyonyesha bila kumpa hata maji mpaka likizo ya uzazi ilipoisha, zile siku 84, nikarudi kazini ndo akaanza maziwa ya kopo mchana kwa chupa na dada wa kazi, usiku na asubuhi ananyonya kwangu kama kawaida. Kliniki anaendelea vizuri, kadi inapanda, uji wa lishe anakula na viazi vya kuponda anakula.

Sasa hajaota jino. Mtoto wa wifi yangu wamepishana wiki chache tu tayari ana mawili chini. Mama mkwe amekuja kututembelea akaona chupa mezani basi ikawa ndo hadithi ya kila siku, kwamba chupa inachelewesha meno, inavuta mdomo mbele, mtoto atakuja kuwa na meno ya nje na kidevu kimerudi nyuma, anamshika kidevu kabisa ananionyesha eti ona lilivyo taya la mtoto wako. Mimi nalia usiku jamani, kazi siwezi kuacha.

Alafu juzi mtoto akaanza kuharisha, mwili wa moto, ziwa analikataa. Mama mkwe akamfungua mdomo akanionyesha kwenye fizi ya juu, pembeni huku na huku, kuna kauvimbe keupe kama kamejaa. Anasema hayo ni meno ya nailoni, ndo yanamharisha, kuna bibi mtaa wa pili anayatoa, tumpeleke kesho asubuhi. Mume wangu yuko safari, kwenye simu anasema msikilize mama yeye kalea watoto wengi. Naomba anayejua kweli anisaidie, chupa inaharibu sura ya mtoto au ni maneno? Na hivyo vivimbe ni nini?

mwanaMvita

Dadangu pole sana. Kabla hujasoma majibu mengine yote, kesho asubuhi mtoto aende kituo cha afya na si kwa huyo bibi. Mtoto wa miezi 7 ana homa, anaharisha na anakataa ziwa, huyo ni mgonjwa. Mpe ziwa mara kwa mara hata kama anavuta kidogo kidogo, na ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji kurudisha maji mwilini, upate leo leo. Mambo ya kidevu tutaongea baadaye.

dokta_meno

Naunga mkono hapo juu. Mimi kazi yangu ni meno, na watoto ndo wagonjwa wangu wengi, kwahiyo nitajibu kwa urefu kidogo, mamaNay soma ukishatoka hospitali.

Kuchelewa kwanza. Miezi 7 bila jino sio kuchelewa. Wengi meno mawili ya mbele chini yanatoka kati ya miezi 6 na 10, kuna wanaoanza na miezi 4, kuna wanaofikisha mwaka wana fizi tupu na wako sawa kabisa. Hii inafuata zaidi ukoo, muulize huyo huyo mama mkwe mumeo aliota meno akiwa na miezi mingapi, mara nyingi jibu linapatikana hapo hapo nyumbani. Meno ya utoto yanaanza kutengenezwa mtoto akiwa tumboni, ile wiki ya 6 ya mimba vichipukizi vinaanza, mimba ikiwa na miezi kama minne yanaanza kuwa magumu. Kwahiyo chupa aliyoanza juzi haiwezi kufanya jino lirudi nyuma. Mtoto njiti huchelewa, mwenye upungufu mkubwa wa vitamini D huchelewa, na magonjwa machache ya homoni. Akifika mwaka na miezi mitatu hana hata moja ndo mlete tumwangalie, ingawa hata kama meno yapo mtoto aonwe na mtu wa meno akitimiza mwaka.

Kidevu. Karibu kila mtoto anazaliwa taya la chini likiwa dogo na limerudi nyuma, ndivyo maumbile yalivyo. Linakua kwenda mbele taratibu mwaka wa kwanza na kuendelea. Sasa hapa ndo kunyonya kunapoingia, na mama mkwe wako hajakosea kila kitu, naomba nimpe haki yake.

Mtoto anaponyonya ziwa hafyonzi tu kama mtu mwenye soda na mrija. Anafungua mdomo mkubwa, anabeba chuchu pamoja na ile sehemu nyeusi inayoizunguka, taya la chini linakwenda mbele na kurudi, ulimi unalibana ziwa juu kwenye kaakaa, yani dari ya mdomo, na kulikamua. Ziwa ni laini, linajipanga kufuata mdomo wa mtoto, alafu linaendelea mpaka ndani kabisa ya kaakaa, ulimi unasukuma juu, kaakaa linatanuka. Ni kazi nzito ile, mwangalie mtoto anavyotoka jasho puani akinyonya, misuli ya taya inafanya mazoezi mara nyingi kwa siku, na huku midomo imefungwa anapumua kwa pua. Kaakaa pana maana yake nafasi ya meno, na kaakaa hilo hilo ndo sakafu ya pua.

Chupa inatoka kirahisi. Mtoto haendi mbele na taya sana, anatumia mashavu zaidi, na chuchu ya mpira haifuati mdomo, mdomo ndo unaifuata. Mashavu yakibana kila siku kwa pembeni na ulimi ukakaa chini, taya la juu linaweza kuwa jembamba na refu kwenda juu, meno ya pembeni yakaja kukutana kinyume. Mbele napo meno yanaweza kuacha uwazi, akiuma magego yanakutana lakini mbele unapitisha ulimi.

Mwaka 2016 jarida la Lancet lilitoa uchambuzi mkubwa wa tafiti za kunyonyesha, kwenye meno kutopangika watoto walionyonyeshwa hatari ilionekana ndogo kwa asilimia 68. Ni namba kubwa lakini usiogope nayo, nyingi ya tafiti hizo zinaangalia meno ya utoto, alafu mtoto wa chupa mara nyingi ndo huyo huyo mwenye pasifaya (chuchu bandia ya kunyamazishia) au kidole mdomoni mpaka miaka minne, na urithi upo. Nimeona watoto walionyonya miaka miwili kamili wana meno ya nje kwasababu baba yao anayo.

Mwanao alipata miezi mitatu ya ziwa tupu, na mpaka leo ananyonya usiku na asubuhi. Hiyo ni kazi kubwa umeifanya na inaendelea kumsaidia. Hujamharibu sura mtoto wako.

Mmeru_halisi

Dada umesema dada wa kazi anachanganya maziwa ya kopo, uko wapi? Kama uko Arusha au pembezoni mwa mlima Meru naomba uulize maji mnayotumia yanatoka wapi. Hili watu hawaliongelei kwenye chupa na ndo kubwa huku kwetu.

mamaNay

Asanteni sana nimesoma yote. Niko Arusha ndio kaka, maji ya kisima cha jirani, tunachemsha kila siku. Kesho saa moja tuko kituo cha afya, nimemwomba mama mkwe twende wote.

Mmeru_halisi

Basi sikiliza. Mimi ni wa Arumeru, meno yangu ya mbele ni ya kahawia yana vishimo, na nusu ya niliosoma nao wako hivyo hivyo. Ni floraidi, madini yanayoingia kwenye maji kutoka miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani kikomo chao ni miligramu 1.5 kwa lita, na huku kuna vyanzo vinapita hapo mara nyingi, ukienda kata ya Maji ya Chai ndo usiseme. Na kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua sufuriani floraidi inabaki ile ile, kwahiyo unaipa nguvu.

Ubaya ni kwamba meno ya ukubwa ya mbele, yale atakayoota akiwa na miaka 6, 7, yanatengenezwa sasa hivi ndani ya taya, miaka hii mitatu ya kwanza. Akinywa floraidi nyingi sasa hivi hutaona kitu mpaka aingie darasa la kwanza ndo yanatoka yana madoa, na hayasafishiki kwa mswaki wowote. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno hata kama mama mwenyewe anakunywa maji hayo hayo, mwili unamkinga mtoto. Lakini unga wa kopo unakorogwa na maji, mtoto wa kilo nane anakunywa maji hayo chupa baada ya chupa kila siku. Uji nao ni maji. Na kama dada anatia magadi kwenye maharage au ndizi za mtoto ziive haraka mwambie aache kabisa, magadi ya huku yana floraidi nyingi.

Kituo cha Ngurdoto wanashughulika na kuondoa floraidi, wanatumia mkaa wa mifupa, waulize kuhusu chujio na kupima maji. Wakati unasubiri tumia ya mvua uliyokinga vizuri na kuchemsha, au ya chupa yaliyoandikwa floraidi kidogo kwenye lebo, soma lebo maana zinatofautiana.

dokta_meno

Kaka Mmeru umemaliza, mimi nimeandika kaakaa na taya nikasahau kumuuliza anaishi wapi. Hayo madoa kwa umri huu wa mtoto bado yanazuilika.

nesi_mstaafu

Mwanangu mamaNay, mimi ni bibi sasa, nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi. Nataka kuongea na wewe juu ya hayo meno ya nailoni maana nikisoma naona mikono inatetemeka.

Haya maneno yalivuma sana miaka ya 80. Wengine wanasema meno ya plastiki, wenzetu Uganda wanayaita ebiino. Mtoto anaharisha, ana homa, mtu anamfungua mdomo anaona kauvimbe keupe kwenye fizi, anasema hilo ndilo linaloua. Kile kivimbe ni chonge. Chonge la utoto liko ndani ya fizi linasubiri zamu yake, linatoka mtoto akiwa na mwaka na miezi minne mpaka karibu miaka miwili. Kila mtoto anavyo, mfungue mdomo mtoto wa jirani ambaye haumwi chochote utaviona hivyo hivyo.

Wanavitoa kwa spoku ya baiskeli iliyochongwa, kwa wembe, kwa msumari, hakuna ganzi, mtoto kabanwa na watu wawili. Wanachotoa wanamwonyesha mama, kitu kidogo cheupe laini, mama anaamini kwasababu kweli hakifanani na jino. Hakifanani kwasababu hakijakomaa, lilikuwa jino la mwanawe. Nimepokea watoto waliokuja na damu haikatiki, wengine pepopunda, wengine usaha umeingia kwenye damu, na kifaa kimoja kinatumika kwa watoto wangapi, fikiria na virusi vya UKIMWI. Mtoto anayeharisha anapoteza maji, unamuongezea kupoteza damu, na mdomo ukishakatwa hanyonyi tena. Wengine wanapona kwasababu kuharisha kungeisha kwenyewe, basi bibi anapata sifa na mama anawaambia wenzake.

Na wanaopona wanaendelea kulipa. Chini ya hilo chonge la utoto ndo kuna chipukizi la chonge la ukubwani, spoku haichagui. Anakuja akiwa na miaka 12 chonge halipo upande mmoja, au limetoka na kasoro, meno ya jirani yameegemea kwenye pengo. Tukiongelea sura ya mtoto kuharibika basi hii ndo inayoharibu kuliko chupa.

Kuhusu mama mkwe wako, usimgombeze. Zamani alizika watoto wa ndugu zake kwa kuharisha, mtu akamwambia sababu ni jino, ana hofu na mjukuu wake. Mwambie mama, nakuheshimu, naomba twende wote akapimwe kwanza. Umefanya vizuri kumwomba mwende pamoja, akisikia kwa nesi mwenye umri wake ataelewa.

Na ujue kitu kimoja. Meno yakiota mtoto anatoa mate, anang'ata vitu, analialia, joto linaweza kupanda kidogo sana. Homa ya 38 kwenda juu sio meno. Kuharisha sana sio meno. Inaangukia miezi ile ile kwasababu kinga alizopewa na mama akiwa tumboni zinapungua miezi 6 na hapo ndo anaanza kutambaa na kuokota kila kitu anatia mdomoni, na chakula kinaanza.

baba_mapacha

Naomba niseme kidogo kwa wanaosoma na hawana uchaguzi. Mama wa watoto wangu alifariki wakiwa wachanga, pacha wawili, wamekua kwa maziwa ya kopo toka mwanzo. Kila mtu alikuwa ananiambia ziwa, ziwa, na ziwa halipo. Nesi mmoja wa kliniki akanifundisha kuwanywesha kwa kikombe, kale kadogo kama ka kahawa, mtoto anakaa wima mapajani, unagusisha ukingo kwenye mdomo wa chini anatoa ulimi analamba mwenyewe, humwagii. Mwanzo inamwagika nusu kifuani, baadae anazoea. Kikombe kinasafishika vizuri kuliko chupa hilo nalo lilinisaidia, kuharisha kulipungua sana. Wako darasa la pili sasa, daktari wa meno aliwaangalia mwaka huu akasema taya ziko vizuri. Wapo wengi kama sisi. Takwimu za nchi za 2022 zinasema watoto chini ya miezi 6 wanaonyonya maziwa ya mama pekee ni asilimia 64, basi hao waliobaki kila mmoja ana sababu yake nyumbani.

mwanaMvita

Baba mapacha Mungu akuzidishie.

Mimi naongeza ya chupa ya usiku. Mtoto wa dadangu alikuwa akilala na chupa mdomoni, mara maziwa yametiwa sukari, mara chai ya maziwa, kwa kuwa akinyamaza watu wanalala. Alipofika mwaka na nusu meno manne ya juu mbele yalianza mstari mweupe pale yanapokutana na fizi, watu tukadhani ni maziwa yameganda, tukifuta haufutiki. Baada ya muda ukawa wa kahawia, na mwisho yakakatika vipande vipande mpaka kwenye fizi. Ya chini hayana kitu kwa sababu ulimi unayafunika. Hadi leo akisema "samaki" inatoka hewa. Kwa hivyo dada hilo jino la kwanza likitoka usimlaze na chupa.

mamaNay

Wapendwa nimerudi. Tumetoka kituoni, wamempima malaria hana, wakapima mkojo wakakuta maambukizi. MKOJO jamani! Amepewa dawa ya siku kadhaa, ORS na zinki. Nesi alimfungua mdomo mbele ya mama mkwe akamwonyesha vile vivimbe, akamwita na mtoto mwingine aliyekuja chanjo akamfungua naye anavyo vile vile. Mama mkwe alikaa kimya njia nzima, tulipofika nyumbani ndo akaniambia kwahiyo ningemkatisha fizi mtoto ana ugonjwa wa mkojo. Amelia, na mimi nimelia. Mume wangu nimemtumia meseji ya nesi_mstaafu yote aisome.

Nesi, dokta, Mmeru, wote Mungu awabariki. Dokta naomba sasa nipange, kazini nakaa mpaka saa 11 jioni, chupa nitaiachaje? Na chakula, kila kitu nampondea laini kabisa, ni sawa?

dokta_meno

Nimefurahi sana. Maliza dawa zote hata akichangamka.

Kazini sheria ya ajira ya 2004 inakupa muda wa kunyonyesha mpaka saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi, ongea na bosi kama unaweza kuutumia kutoka mapema au kukamua. Ukikamua, maziwa yanakaa saa 4 bila friji, kwenye friji siku 4. Kila mililita utakayokamua ni maji ya kisima ambayo hayakorogwi, hapo unatatua la Mmeru na langu kwa pamoja.

Miezi 7 tayari anaweza kikombe, anza na mlo mmoja wa mchana, ule ambao hana usingizi, baada ya wiki ongeza mwingine. Chupa inayobaki dada ampe mtoto akiwa amekaa karibu wima, chupa iwe imelala sio imesimama, yani maziwa yajae tu kwenye chuchu, ili mtoto avute mwenyewe na apumzike anapotaka. Asiongeze tundu la chuchu kwa sindano, wengi wanafanya hivyo mtoto amalize haraka, ndo tunarudi kule kule kwenye taya kukosa kazi. Lengo chupa iwe imeisha akifika mwaka au muda mfupi baada ya hapo.

Chakula, acha kuponda kuwa maji. Miezi 7 uji uwe mzito ukae kwenye kijiko, viazi viponde kwa uma vibaki na mabonge madogo. Miezi 8 mpe cha kushika, kiazi kitamu kilichoiva kipande kirefu, parachichi, ndizi mbivu, mwache ang'ate kwa fizi, fizi zina nguvu kuliko unavyofikiri. Kaa naye tu asikabwe, na karanga nzima hapana. Mwaka mmoja ale chakula cha nyumbani. Mtoto anayepewa laini mpaka miaka miwili taya linakosa kazi mara ya pili. Asali usimpakie kwenye fizi wala kumlisha kabla ya mwaka, na zile jeli za ganzi za fizi pia acha, kitambaa safi cha baridi ang'ate kinatosha.

mamaNay

Kikombe nianze na kiasi gani kwa mara moja? Na kama anageuza kichwa?

baba_mapacha

Weka kidogo tu, vijiko vitatu vinne vya chakula, ukiona ameviomba tena unaongeza. Akigeuza kichwa ameshiba au hataki, acha, jaribu baada ya nusu saa. Wa kwangu mmoja alikubali siku ile ile mwingine aligoma karibu wiki. Muweke kitambaa kifuani.